Kuna Mstari Mmoja, Unajijua

Butembo, mji wa wafanyabiashara mashariki mwa Kongo, ukisema umetengeneza kitu, watu wanakuuliza kwanza kontena iko wapi. Ariel alikuwa amelijibu swali hilo mwaka mzima. Alilijibu sokoni, alilijibu kwenye harusi za watu, alilijibu hata kwa fundi wa meno, mdomo wazi, koleo ikiwa ndani. Kitu chake hakikuwa na kontena. Hakikutoka Dubai wala China. Kilikaa ndani ya kompyuta, na kiliitwa Kinu.

Kinu kilifanya kazi ambayo jina lake linasema. Mtu aliandika amri zake kwa Kiswahili cha kawaida: soma hiki, zidisha na kile, kama kimezidi andika hivi. Kinu kiliyatwanga maneno hayo mpaka yakawa unga ambao mashini inaweza kula. Waliosoma sana wanaita kitu cha namna hiyo compilateur. Na kama mtu alikosea kuandika, ilikuwa kama jiwe ndani ya nafaka: Kinu kilisimama, kikamwambia mwenyewe. Kutwanga, Ariel alikuwa amekuweza. Kuwaambia watu ndiko kulikomshinda.

Baba yake, Papa Siméon, alikuwa na duka la mabati na misumari katikati ya mji, na alikuwa amemwachia kijana wake mwaka mmoja wa kuhangaika na jambo lake. Mwaka huo ulikuwa unakaribia kwisha. Tumaini lililobaki lilikuwa Beni, kwenye kituo kimoja ambako vijana na wakulima walifundishwa kutumia kompyuta. Mkubwa wa kituo, Maman Sophie, alikubali kujaribu Kinu. Akikichukua, Papa Siméon angeamini, maana yeye aliamini kitu pale tu mtu wa mji mwingine alipokitaka. Akikikataa, Jumatatu asubuhi Ariel angekuwa nyuma ya kaunta akipima misumari, na angeipima mpaka apate mvi.

Jaribio la kwanza lilikwenda vibaya. Ariel hakuwa Beni siku hiyo. Alikituma Kinu kwa mtandao na kukaa Butembo akingoja sifa. Badala ya sifa ilikuja simu. Ilionekana kwamba Kinu, kila kilipokuta kosa, kiliandika kwa herufi kubwa nyekundu: KOSA. KAZI IMEKUFA. Papa Kahongya, mnunuzi wa kakao kutoka Mbau, alivaa miwani yake, akasoma, akauliza ni nani aliyekufa. Delphin, aliyekuwa dereva wa pikipiki kabla ya kuanza masomo, alikijibu Kinu kwa matusi ya Kilingala aliyojifunza kwa kubeba wanajeshi. Joyeuse, msichana mpole aliyeacha shule ya msingi njiani, alisimama, akaiomba mashini msamaha, akaenda kwao. Ilibidi wamtume dada yake amrudishe.

"Ariel," Maman Sophie alisema kwenye simu, "mashini yako inagombeza batu bangu. Ile ya Bazungu nayo inagombeza, mais inagombeza mu Kingereza, hakuna mwenye anasikia. Ya kwako banaisikia yote."

Akampa mpaka Jumamosi. Safari hii Ariel angekuja Beni yeye mwenyewe, na Kinu kiwe kimejifunza adabu. Wanafunzi wangeachwa peke yao mbele ya mashini, bila mwalimu wa kuwasaidia. Wakiweza kurekebisha makosa yao kwa maneno ya Kinu tu, kituo kingekichukua. Wasipoweza, Maman Sophie angerudisha ile ya Kiingereza, watu wagombezwe kwa amani.

Ariel alikaa na neno hilo, adabu, kama mtu aliyepewa mzigo usio na mkono wa kushikia. Ndipo akamkumbuka Maman Godelive, mdogo wa mama yake. Maman Godelive alikuwa msomaji wa matangazo kwenye parokia yao. Mwishoni mwa Misa, padri alipokuwa amekwisha kukaa, yeye alisimama mbele ya micro, kipaza sauti cha kanisa, akafunga kitenge chake vizuri, na watu walionyoosha miguu ili watoke waliirudisha ndani. Kama mbuzi wa mtu ameingia kwenye kabichi za parokia, yeye ndiye aliyesema. Kama mwanakwaya anafika mazoezini akinuka pombe ya kasiksi, yeye ndiye aliyesema. Na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutaja jina la mtu hata mara moja. Alisema tu kwamba kuna mtu mmoja, hatutamtaja, anajijua. Kanisa zima liliinamisha macho. Kabla juma halijaisha, mbuzi alikuwa amefungwa kamba.

Ariel aliona amepata dawa. Kosa linarekebishwa na hakuna aliyeaibishwa; Maman Sophie angetaka nini zaidi? Alimkuta mama yake mdogo akichambua maharagwe, akamweleza habari za Kinu kwa njia fupi, naye akasikiliza kwa njia fupi zaidi. Hakuelewa mashini inagombana na nani. Lakini alipoulizwa namna ya kumwambia mtu kosa lake, aliweka ungo chini, akajinyoosha kama yuko mbele ya micro. Kwanza unasalimia, alisema, maana hata mwizi anasalimiwa. Kisha unashukuru wale waliofanya vizuri. Kisha unaliweka kosa katikati kama mvua, halina mwenyewe. Mwisho unatia tumaini, watu wasiende nyumbani na moyo mzito. Ariel aliandika kila neno. Akamshukuru, akakimbia kurudi kwenye kompyuta yake, na siku zilizobaki alikifundisha Kinu kusoma matangazo.

Jumamosi asubuhi alipanda gari la Beni. Kadiri walivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Baridi ya Butembo ilibaki nyuma, na Ariel akavua koti. Kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja alimuuliza kwenye mfuko kuna nini, naye, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa mbali, akajibu kwamba kuna kinu. Mwanajeshi alitafuta. Aliinua kompyuta, akaitikisa karibu na sikio, akatafuta tena. Abiria walianza kunung'unika. Mwishowe aliuliza kama mchi nao umo, akajibiwa kwamba vimeungana, akarudisha mfuko.

Kituo kilikuwa kwenye ukumbi mmoja wenye bati jipya, na ukumbi huo saa sita ungechukuliwa na kamati ya harusi. Maman Sophie alikuwa ameketi nyuma kabisa, mikono imefungwa kifuani, saa yake imewekwa juu ya meza. Wanafunzi watatu walikuwa mbele. Kazi ilikuwa moja kwa wote: kuandika amri za kupokea uzito wa kakao mbichi na kusema itabaki ngapi ikikauka, na kama ni kidogo mno, mashini imwonye mkulima. Katika Kinu, ukifungua sharti kwa neno "kama", lazima baadaye ulifunge kwa neno "basi". Ni kama mlango. Uliyeufungua ndiwe unayeufunga. Ariel aliwaeleza hilo, akarudi nyuma, akaambiwa akae na asifungue mdomo.

Joyeuse alikuwa wa kwanza kumaliza. Mstari wake wa mwisho, kwa kuwa alifurahi kufika, ulisema: andika "Asante Mungu". Akabonyeza. Kinu kikanyamaza kidogo, kisha maneno yakaanza kuteremka taratibu, kwa rangi ya majani:

"Habari za asubuhi, wapendwa. Tunaishukuru mistari yote iliyojipanga vizuri tangu mwanzo, Mungu aibariki. Hata hivyo kuna mstari mmoja kati yetu, hatutautaja, unajijua. Tunauomba ubadilike. Kazi njema."

Ariel alimtazama Maman Sophie, na kwa kweli uso wake ulikuwa umelegea. Hakuna aliyesimama kuondoka. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Joyeuse alisoma mara ya pili huku midomo yake ikitembea, akaitikia salamu kwa sauti ndogo. Kisha akarudi kwenye amri zake, akaanza kuitazama mistari mmoja mmoja, kama mama anayetafuta ni mtoto gani aliyekula sukari.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Joyeuse alikuwa mtu ambaye kanisani, likisemwa kwamba kuna mtu mmoja anajijua, alijijua yeye kila mara. Alikuwa amejijua kwa ajili ya mbuzi wakati kwao hakuna mbuzi. Basi akaona kwamba mistari yake yote ina hatia. Akabadilisha wa kwanza, ambao ulikuwa mzima. Akabadilisha wa pili, uliokuwa mzima pia. Aliposhindwa kuona ubaya wa ule wa tatu, aliufuta wote ili asiwe na mashaka. Akabonyeza tena, na Kinu kikasalimia, kikashukuru mistari michache iliyobaki na tabia njema, kikasema kwa masikitiko kwamba sasa kuna mistari mingi kati yetu, hatutaitaja, inajijua.

Delphin yeye alikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Kanisani, tangazo likisomwa, aligeuka kumtazama jirani. Alipoletewa tangazo lake alilisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, na kuegemea upande wa Papa Kahongya ili aone huo mstari mbaya wa mzee. Papa Kahongya aliweka mkono juu ya kioo cha kompyuta yake. Alisema mistari yake imetoka kwenye nyumba nzuri. Kama kuna mmoja ulioharibika, ni ule wa nne, ambao asubuhi aliunakili kwa Delphin. Tangu alipouona hakuupenda, unasimama vibaya.

"Wa kwangu njo unasimama mubaya?" Delphin aliuliza. "Papa, ule mustari ulifika kwako muzima. Sijui ulilala na nani."

Wakabishana kuhusu malezi ya ule mstari mpaka Maman Sophie akagonga meza. Ariel aliuma ulimi. Kutoka alipoketi aliona wazi kosa la kila mmoja: Joyeuse alifungua "kama" na hakufunga na "basi", Delphin alisahau mstari wa hesabu yenyewe, Papa Kahongya aliandika namba ya kilo mahali pa jina la kuziita kilo hizo. Makosa madogo, ya kumaliza kwa kufumba na kufumbua macho, kama mtu angejua tu yako wapi. Na Kinu kilijua. Kilijua mstari, kilijua neno, kilijua kila kitu, na kilikaa nacho moyoni kwa heshima.

Saa ilikuwa imepita tano na nusu. Nje, wanawake wa kamati ya harusi walikuwa wamekwisha kufika na sahani zao, wanachungulia dirishani. Maman Sophie aliinuka, akasema kwa upole, na upole huo ulimtisha Ariel kuliko kelele, kwamba mashini hii ina malezi mazuri sana, haina msaada wowote. Ariel aliomba ruhusa kidogo tu, akatoka nje kwenye jua kali, akampigia Maman Godelive.

Alimweleza mbio mbio. Salamu zimetolewa, shukrani zimetolewa, kosa limewekwa katikati kama mvua, na watu wanalowa tu, hakuna anayekwenda kufunga bomba. Yeye anafanyaje, mbuzi wa watu wafungwe kamba?

"Mutoto yangu," Maman Godelive alisema, "matangazo ni ya batu bote. Kiisha Misa miye natangulia ku mulango. Mwenye mbuzi akipita namushika mukono, namwambia polepole mu sikio: ni mbuzi yako, ile ya madoa, amefungua kamba ku upande wa muto. Batu bengine banazani ninamusalimia."

Ariel akamuuliza kwa nini hakumwambia hilo siku ile.

"Uliniuliza ya ku micro," alisema mama yake mdogo. "Ya ku mulango, uliiuliza?"

Ariel alirudi ndani karibu kukimbia. Aliketi sakafuni, kompyuta mapajani, akaanza kubadilisha. Salamu aliiacha, lakini akaikata ikawa fupi. Shukrani na baraka alizitoa. Ile habari ya mstari mmoja unaojijua aliifuta yote, na mahali pake akakiambia Kinu kiende mpaka kwenye mstari wenyewe, kiingie chini yake, kiweke alama ndogo chini ya neno lenye shida, na pembeni kiseme kwa herufi ndogo kuna nini na cha kufanya. Herufi ziwe ndogo kiasi kwamba jirani asizisome. Hayo mengine yote Kinu kilikuwa nayo tangu zamani. Ilibaki tu kukiruhusu kuongea. Wanawake wa harusi walianza kuingiza viti vyao na kuvipanga pembeni. Kupitia waya zilizounganisha kompyuta yake na zao, Ariel aliwarudishia wanafunzi kazi zao kama zilivyokuwa mwanzo, kabla ya toba ya Joyeuse, akamwomba abonyeze.

Kinu kilisalimia. Kisha, chini kabisa, chini ya mstari wa mwisho, ikatokea alama ndogo na maneno: "Pole, shida iko hapa."

Joyeuse aliinama kusoma. Papa Kahongya naye akainama, ingawa hayakumhusu. Mstari uliokamatwa ulikuwa ule wa Asante Mungu.

Hata wanawake wa viti walisogea kutazama. Papa Kahongya alivua miwani.

"Bon," alisema. "Katika mistari yote, mwenye kumushukuru Mungu njo mwizi."

Ariel alijua kilichotokea. Kinu kilikuwa kimesoma amri zote za Joyeuse kikingoja ule mlango ufungwe, na kikaendelea kungoja mpaka kikagonga ukuta wa mwisho. Na aliyekuwa amesimama karibu na ukuta, huyo ndiye kiliyemshika. Kama askari anayefika wizi umekwisha na kumkamata anayefagia. Akamwomba Maman Sophie dakika nyingine, naye hakusema ndiyo wala hapana, alichukua tu saa yake mezani na kuivaa. Ariel alilichukua hilo kuwa ndiyo. Akakifundisha Kinu kwamba kila mlango unapofunguliwa kikumbuke ulifunguliwa wapi, na usipofungwa, kirudi kwa aliyefungua, kisimguse aliye karibu. Vidole vyake vilikosea mara mbili, na mara zote mbili kompyuta yake ikamwambia kwa Kiingereza, kwa ukali, naye akaelewa vizuri kwa nini Joyeuse aliondoka siku ile.

Joyeuse akabonyeza. Alama haikwenda tena kwa Mungu. Ilipanda juu, ikaingia chini ya neno "kama", na kusema: "Habari. Hapa ulifungua, bado hujafunga. Weka 'basi' baada ya onyo la mkulima."

Msichana alitazama huku na huku kuona nani amesikia. Delphin alikuwa akisoma yake, Papa Kahongya akisoma yake, kila mmoja amekaribia kioo chake kama mtu anayeambiwa siri. Joyeuse akaandika "basi". Akabonyeza. Mashini ikamuuliza kilo za kakao mbichi, akaipa, ikampa za kakao kavu, na chini yake ikaandika Asante Mungu, mstari mzima, bila doa. Joyeuse hakupiga kelele. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili na mabega yakawa yanacheka peke yake.

Delphin alifuata, akisema kwamba hesabu hakuisahau, aliiacha makusudi ili aone. Papa Kahongya alikuwa wa mwisho, na alipomaliza alidai kwamba salamu iongezwe kidogo kwa watu wazima, maana yeye ni mkubwa kuliko mashini. Hakuna aliyemwita mwalimu. Maman Sophie aliwaruhusu wanafunzi watoke, akamwambia Ariel akunje waya zake, watu wa harusi wanataka meza, na jibu atamtumia.

Ariel aliijua hiyo "nitakutumia". Baba yake aliwaambia hivyo wateja ambao hakutaka kuwauzia. Alipiga magoti kuchomoa waya, na kutoka huko chini ya meza aliona viatu vya Maman Sophie vikija polepole mpaka kwenye kompyuta ya Joyeuse, vikasimama, kisha kiti kikavutwa.

Maman Sophie aliandika. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi na aliandika kwa fujo ya mtu asiyekosolewa: wageni wa harusi, wangapi kwa meza, kama meza hazitoshi, andika viti viongezwe. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu. Ariel alikuwa amekwisha kuinuka, na kabla hajageuza macho aliona alama ndogo ikiingia kimya kimya chini ya neno "kama", na herufi ndogo pembeni yake.

Mkubwa wa kituo aliganda. Akatazama kulia, wanawake walikuwa wanahesabu sahani. Akatazama kushoto, na Ariel akawa ameinama tena, anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tangu Butembo. Akasikia kibonyezo kimoja, vingine vinne, kimya, kisha kile cha nguvu. Halafu pumzi ndefu.

"Ariel," Maman Sophie aliita, akiwa tayari amesimama, mikono imerudi kifuani. "Nimeijaribu miye mwenyewe. Nimeandika kutoka mwanzo mpaka mwisho na sikufanya kosa hata moya. Donc, uiache hapa. Na siku ya kwanza, Jumatatu, urudi, utafundisha wale bapya."

Ariel akasema ndiyo, Maman, hata yeye ameona, hakuna hata moja. Kisha akageukia ukuta na kuukunja waya wake polepole sana, mpaka kicheko kikapita.